Sura ya 5: Pingili ya Sita Inagusa Nini?

Wazazi wa watoto wenye selimundu wana maswali mawili wanayoyarudia kila kliniki. La kwanza: kosa dogo namna hii kwenye damu linawezaje kuleta maumivu makubwa namna ile? La pili: mbona mtoto alizaliwa mzima, akanenepa, akacheka na kutambaa, kisha ndipo vidole vikaanza kuvimba na usiku ukageuka wa kilio?

Daktari mwenye foleni ndefu mlangoni atajibu kwamba ugonjwa ni wa kurithi, na kwamba damu ya kichanga hubadilika anapokua. Ni kweli tupu, ila mzazi anarudi nyumbani na maswali yake. Sura hii inajaribu kuyajibu hadi mwisho, na njia yake ni moja: kuangalia sehemu gani ya hemoglobini inagusana na sehemu gani. Wanaochunguza maumbo ya protini hufanya hivyo kila siku, na hakuna ugonjwa unaoonyesha faida ya kazi hiyo waziwazi kuliko selimundu.

Mnyororo unaojikunja

Protini ni mnyororo uliotengenezwa kwa asidi za amino, molekuli ndogo za aina 20 ambazo mwili huziunga moja baada ya nyingine kwa kufuata maagizo ya jeni. Asidi ya amino ikishaungwa ndani ya mnyororo, tutaiita pingili, na kila pingili ina namba yake kuanzia mwanzo wa mnyororo.

Hemoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu, ina minyororo minne: miwili ya alfa yenye pingili 141 kila mmoja, na miwili ya beta yenye pingili 146 kila mmoja. Jumla ni pingili 574. Seli moja nyekundu hubeba takriban molekuli milioni 270 za hemoglobini, zimebanana hasa. Kubanana huko tutakurudia, kwa sababu ndiko kunakoyapa matatizo nafasi.

Mnyororo wa protini haubaki umenyooka. Chukua kamba ndefu yenye mafundo, uikunjekunje mpaka iwe donge. Fundo la 6 na fundo la 130 yalikuwa mbali kabisa kwenye kamba iliyonyooka, lakini sasa huenda yanagusana. Kugusana huko kwa pingili zilizo mbalimbali kwenye mnyororo, au zilizo kwenye minyororo tofauti, ndiko tunakokuita mguso. Ni miguso hii inayolishikilia donge lisifumuke. Yai linapochemshwa, ute wake hubadilika kutoka maji maji mangavu hadi kuwa mweupe na mgumu bila pingili hata moja kupotea: joto limeivunja miguso ya zamani, minyororo imefumuka na kunasana ovyo.

Aina za miguso

Pingili hazigusani kwa namna moja. Nne hizi zinatosha kwa safari yetu:

- Mguso wa chaji: pingili yenye chaji hasi, mfano glutamati, huvutana na yenye chaji chanya, mfano lisini.
- Mguso wa hidrojeni: atomi ya hidrojeni iliyoshikwa upande mmoja huvutwa pia na oksijeni au nitrojeni ya upande wa pili.
- Daraja la salfa: atomi mbili za salfa huungana moja kwa moja. Nywele zimejaa madaraja haya. Hemoglobini ya binadamu haina hata moja.
- Mguso wa pingili zinazoepuka maji.

Huu wa mwisho unahitaji maneno zaidi. Mimina mafuta ya kupikia kwenye sufuria ya maji uone matone yanavyotafutana na kuungana. Baadhi ya pingili, kama valini, lusini na fenilalanini, zina tabia hiyohiyo: hazina chaji, hazishikani vizuri na maji, na kwa sababu hiyo hukusanyika pamoja. Katika protini nyingi hujificha katikati ya donge, huku zile zenye chaji zikibaki nje kwenye maji. Pingili inayoepuka maji ikijikuta juu ya uso wa protini, haitulii mpaka ipate pa kujibanza.

Herufi moja, pingili moja

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago aliandika kuhusu kijana mmoja kutoka Grenada ambaye seli zake nyekundu za damu zilikuwa nyembamba, zimepinda mithili ya mundu. Kwa miongo kadhaa baadaye hakuna aliyejua kosa liko wapi hasa. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani waliiweka hemoglobini ya wagonjwa kwenye uwanja wa umeme, wakaona inasafiri kwa mwendo tofauti na ile ya watu wazima wa afya. Chaji yake ilikuwa imebadilika. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa ndani ya molekuli yenyewe.

Kazi ya kutafuta mahali penyewe aliifanya Vernon Ingram, Cambridge, Uingereza. Aliikatakata hemoglobini kwa kimeng'enya, akavitandaza vipande vyake juu ya karatasi, kisha akalinganisha karatasi ya mgonjwa na ya mtu asiye mgonjwa. Madoa yote yalifanana isipokuwa moja. Kufikia mwaka 1957 alikuwa amepata jibu kamili: kwenye mnyororo wa beta, pingili ya 6, glutamati imeondoka na valini imekaa mahali pake. Baadaye ilijulikana kwamba kwenye jeni ni herufi moja tu iliyobadilika, GAG ikawa GTG.

Hapa niweke angalizo kwa atakayesoma majibu ya vipimo vya jeni. Siku hizi maabara nyingi za jeni huandika kwamba kosa liko kwenye pingili ya 7. Hazipingani na Ingram. Jeni huanza kuhesabu kwenye pingili ya kuanzishia, ambayo mwili huikata kabla hemoglobini haijakamilika. Pingili ni ileile.

Kuhusu kwa nini kosa hili limeenea sana katika maeneo yetu, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye jeni moja tu ya selimundu ana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana jeni hii imejaa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kuliko kwenye nyanda za juu zenye baridi. Leo Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu.

Lakini kujua pingili iliyobadilika hakujatuambia kwa nini inaumiza. Mnyororo wa beta wenye valini hujikunja karibu sawasawa kabisa na wenye glutamati. Oksijeni inabebwa vizuri. Ukiorodhesha miguso yote ya ndani ya molekuli moja, ya mgonjwa na ya asiye mgonjwa, orodha mbili hizo zitalingana karibu mstari kwa mstari. Nalisisitiza hili kwa sababu sasa tuna programu za kompyuta kama AlphaFold, ambayo waundaji wake walishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2024, zinazoweza kubashiri umbo la protini kutokana na mpangilio wa pingili zake. Ni kazi kubwa ya kupongezwa. Hata hivyo, umbo la mnyororo mmoja, liwe sahihi kiasi gani, halina ugonjwa huu ndani yake. Inabidi tutoke nje ya molekuli.

Mguso unapimwaje?

Max Perutz alianza kuchunguza hemoglobini mwaka 1937 huko Cambridge. Aliigandisha ikawa fuwele, akaipiga kwa eksirei, akasoma jinsi miale inavyotawanyika. Ilimchukua zaidi ya miaka 20 kulipata umbo lake la kwanza, nayo kazi hiyo ikampa Tuzo ya Nobel mwaka 1962, pamoja na John Kendrew. Leo maumbo ya namna hiyo yanahifadhiwa kwenye hazina ya kimataifa iliyoanzishwa mwaka 1971, iitwayo Protein Data Bank, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuyachukua bila malipo. Hemoglobini ya kawaida isiyo na oksijeni imo kwa alama 2HHB. Hemoglobini ya selimundu imo kwa alama 2HBS.

Ukilifungua faili la 2HBS utakuta maelfu ya mistari ya maandishi ya kawaida. Karibu kila mstari ni atomi moja: jina lake, pingili yake, herufi ya mnyororo wake, namba ya pingili, kisha namba tatu zinazosema atomi ipo wapi kwa upana, urefu na kina. Kipimo kinachotumika ni angstromu, sehemu moja kati ya milioni 10 za milimita.

Kupata umbali kati ya atomi mbili ni hesabu ya sekondari. Toa namba za atomi ya kwanza kutoka kwa zile za atomi ya pili, kila tofauti izidishe kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Tofauti zikiwa 2, 3 na 1, tunapata 4 + 9 + 1 = 14, na kipeuo chake ni kama 3.7. Atomi hizo ziko angstromu 3.7 mbalimbali. Kompyuta huifanya hesabu hii kwa jozi zote kwa muda mfupi mno.

Sasa, umbali gani uhesabiwe kuwa ni kugusana? Jibu hutegemea anayepima. Wapo wanaochukua atomi moja tu ya kila pingili, ile kaboni ya kwenye uti wa mnyororo, na kusema pingili zinagusana kama kaboni zao ziko chini ya angstromu 8. Wengine huangalia atomi zote isipokuwa hidrojeni, na kukubali mguso pale atomi yoyote ya pingili moja ilipo ndani ya angstromu 4 au 4.5 kutoka kwa yoyote ya nyingine. Njia ya kwanza ni nyepesi na inafaa kuchora picha ya jumla. Kwa swali kama letu mimi naiamini ya pili. Fenilalanini ina pete kubwa iliyochomoza mbali na uti wake, na anayepima kaboni ya uti peke yake anaweza kuukosa mguso uliopo, au kuhesabu ambao haupo.

Pia majirani wa karibu kwenye mnyororo huachwa nje ya hesabu. Pingili ya 6 lazima iwe karibu na ya 7, zimeungwa, hivyo ukaribu wao hautupi habari mpya.

Majibu huchorwa kwenye jedwali la mraba: pingili zote zimepangwa juu na pia ubavuni, na doa linawekwa kila palipo na mguso. Hemoglobini imejengwa zaidi kwa vipande vilivyojizungusha mithili ya springi, ambamo kila pingili hugusana na ile ya nne mbele yake. Kwa hiyo jedwali lake lina mkanda mnene kandokando ya mstari wa mshazari, na madoa yaliyotawanyika mbali ambako springi moja imelala juu ya nyingine.

Jirani mpya

Tuitafute sasa pingili ya 6 kwenye 2HBS. Faili hili lina molekuli mbili nzima za hemoglobini zilizokaa bega kwa bega, na valini ya 6 ya molekuli moja ina majirani wapya kutoka molekuli ya pili. Imezama kwenye kishimo kilicho juu ya mnyororo wa beta wa mwenzake. Wawili wanaounda kishimo hicho ni fenilalanini ya 85 na lusini ya 88, wote wenye kuepuka maji. Valini iliyokuwa nje kwenye maji imepata pa kujibanza.

Glutamati isingeingia hapo. Ina chaji hasi na inapenda maji. Kuiingiza katikati ya fenilalanini na lusini kungehitaji kuivua maji yake bila kuipa chochote badala yake.

Kilichobaki ni kurudia. Molekuli ya pili nayo ina valini yake, inayotafuta kishimo cha ya tatu, na ya tatu cha ya nne. Hujipanga zikawa nyuzi, nyuzi zikasokotana 14 kwa pamoja, na fungu hilo gumu linaisukuma seli kutoka ndani mpaka inapinda. Seli iliyopinda haipiti vizuri kwenye mishipa midogo. Damu inazuilika, sehemu iliyo mbele inakosa oksijeni, na hapo ndipo yanapotoka maumivu ya mifupa, ya kifua na ya tumbo.

Kwa nini basi mgonjwa haumwi kila dakika? Kuna sababu mbili. Hemoglobini inapobeba oksijeni hubadili mkao wake, na katika mkao huo molekuli haziwezi kupangana hivi. Nyuzi huanza baada ya oksijeni kushushwa. Halafu, nyuzi hazianzi papo hapo. Kuna muda wa kusubiri, na seli nyingi huwa zimekwisha kuvuka mishipa midogo na kurudi kwenye mapafu kabla muda huo haujaisha. Majaribio ya miaka ya 1970 yalionyesha kwamba muda huo hutegemea mno jinsi hemoglobini ilivyobanana ndani ya seli: hemoglobini ikibanana zaidi kidogo tu, muda hufupika mara nyingi. Mtoto akiharisha, akipata homa au akishinda juani bila maji, seli zake hupoteza maji na hemoglobini hubanana. Wauguzi wanaposisitiza maji, wanaulinda muda huo.

*Kwa ufupi kufikia hapa:* kosa la pingili ya 6 haliharibu umbo la hemoglobini. Linaunda mguso mmoja mpya kati ya molekuli na molekuli, valini ya 6 na kishimo cha 85 na 88, na mguso huo huundwa oksijeni ikishashushwa.

Tutajuaje kwamba mguso ni wa kweli?

Msomaji makini atauliza: faili la 2HBS limetoka kwenye fuwele ya maabara, na ndani ya fuwele molekuli hubanwa zikagusana kwa namna ambazo mwilini hazipo. Ni swali la haki, na kila anayechambua miguso lazima ajiulize hivyo. Jibu limetoka kwa watu waliozaliwa na mabadiliko mengine katika hemoglobini yao.

Hemoglobini iitwayo Korle-Bu, kwa jina la mtaa wa Accra, Ghana, imebadilika pingili ya 73 ya beta. Ikichanganyika na hemoglobini ya selimundu, nyuzi huunda kwa shida zaidi. Ukiangalia kwenye fuwele, pingili ya 73 ipo palepale molekuli mbili zinapogusana, karibu na pingili ya 4 ya jirani. Hemoglobini iitwayo Antilles ina valini ileile ya 6, pamoja na badiliko la pili kwenye pingili ya 23. Hiyo hupinda seli hata kwa mtu aliyerithi jeni moja tu. Na mjini Makassar, Indonesia, ilipatikana hemoglobini ambayo pingili ya 6 imekuwa alanini. Alanini haina chaji, lakini ni ndogo kuliko valini, haikijazi kishimo, na haileti selimundu.

Ushahidi huu wa Makassar naupenda kuliko mwingine wote. Unaonyesha kwamba kuondoka kwa glutamati peke yake hakutoshi kuleta ugonjwa. Lazima anayekuja aingie kwenye kishimo na kukishika.

Pingili ya 87 na miezi ya mwanzo

Turudi kwa mtoto aliyekuwa mzima. Kabla ya kuzaliwa na kwa miezi ya mwanzo baada yake, mwili hutumia zaidi hemoglobini F, yenye minyororo ya gama mahali pa beta. Gama ina glutamati kwenye pingili ya 6, kwa hiyo haina valini ya kumchomeka jirani. Lakini ina jambo la ziada. Kwenye pingili ya 87, pembezoni mwa kile kishimo, beta ina treonini. Gama ina glutamini, ambayo ni kubwa zaidi. Glutamini hiyo huzuia jirani asikae sawasawa.

Ndani ya uzi kila molekuli hufanya kazi mbili katika mguso huu: beta yake moja inatoa valini, nyingine inatoa kishimo. Chukua molekuli mseto, yenye beta moja ya selimundu na gama moja. Gama ikikaa upande wa kutoa valini, haina valini. Ikikaa upande wa kutoa kishimo, kishimo kina kizuizi. Kwa vyovyote itakavyogeuzwa, haiingii kwenye uzi.

Linganisha na mtu mwenye jeni moja tu ya selimundu. Molekuli zake mseto zina beta moja ya kawaida na moja ya selimundu. Beta ya kawaida haina valini, lakini kishimo chake ni kizima, kwa hiyo molekuli ikigeukia upande unaofaa inaweza kuingia. Ndiyo sababu hemoglobini F huzuia nyuzi vizuri zaidi kuliko hata hemoglobini ya kawaida ya mtu mzima.

Mtoto anapokaribia nusu mwaka, gama imepungua sana na beta imeshika nafasi. Vidole huanza kuvimba wakati huo kwa sababu kizuizi cha 87 kinazidi kuadimika ndani ya seli zake.

Dawa zinazolenga mguso mmoja

Mwezi Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba mbili za jeni kwa selimundu kwa wakati mmoja. Moja, Lyfgenia, humpa mgonjwa jeni ya beta iliyobadilishwa kwa makusudi pingili ya 87, treonini ikawa glutamini. Waliobuni wameikopa pingili kutoka kwa gama na kuipandikiza kwenye beta. Ya pili, Casgevy, huzima kifungo kinachoifungia gama, ili mwili uanze tena kutengeneza hemoglobini F. Watafiti wengine wamefaulu, kwenye panya, kuigeuza valini ya 6 iwe alanini ya Makassar. Lyfgenia ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 3.1 kwa mgonjwa mmoja, Casgevy dola milioni 2.2. Nasema bila kusita kwamba bei hizo zinawaacha nje watoto wengi wa Afrika, ambako ndiko wagonjwa wengi waliko.

Dawa ya kumeza iliyo karibu nasi zaidi ni haidroksiyurea, ambayo kazi yake kubwa kwenye selimundu ni kuongeza hemoglobini F. Utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto walioitumia walipata maumivu machache, maambukizi machache na malaria kidogo, walihitaji damu mara chache zaidi, na vifo vilipungua. Inahitaji usimamizi wa daktari na vipimo vya damu vya mara kwa mara, kwani dozi ikizidi hupunguza seli za damu.

Karatasi ya majibu ya kipimo cha hemoglobini huwa na herufi kadhaa na asilimia mbele yake: A, A2, S, F. Mzazi ambaye mtoto wake anatumia haidroksiyurea aiombe karatasi hiyo na aitazame namba iliyo mbele ya F, kisha ailinganishe na ya kipimo kilichopita. Namba hiyo inasema ni sehemu gani ya hemoglobini ya mtoto iliyo hemoglobini F, yenye glutamini kwenye pingili ya 87.